Likizo ya Julai na Agosti pwani: tazameni upepo na maji kabla ya kutazama hoteli

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila ikikaribia Juni, ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba huanza kuuliza swali lile lile: watoto wanafunga shule, tunakuja nyumbani Julai au Agosti, je, twende ufuo gani? Majibu wanayopata huwa ni majina ya hoteli na picha. Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa na kukulia huku, na kwa maoni yangu swali la hoteli ni la tatu. La kwanza ni upepo unavuma kutoka wapi katika miezi hiyo. La pili ni maji yanajaa na kupwa saa ngapi katika siku mtakazokuwepo. Ukishapata majibu ya hayo mawili, hoteli nyingi zitajiondoa zenyewe kwenye orodha yako, na zile chache zitakazobaki utazichagua kwa utulivu.

Tuanze na upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, pwani yetu yote, kutoka Lamu hadi Mtwara, iko mikononi mwa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, na makali yake hasa ni kati ya Juni na Agosti. Masika yamekwisha, mvua ni za rasharasha, jua haliunguzi kama la Februari, na usiku mtu hujifunika. Bahari nayo hupoa hadi nyuzi 25 au 26, ilhali mwezi Machi hukaribia 29. Kwa anayetoka Maskati au Dubai, ambako mchana wa Julai joto hukaribia nyuzi 40 au kuzipita, hali hii ni neema tupu. Lakini kusi hiyo hiyo ndiyo inayopiga uso kwa uso fukwe zinazotazama mashariki: mawimbi yanavunjika kwa kishindo juu ya mwamba, maji ya ndani yanatibuka mchanga, majani ya bahari yanatupwa ufuoni, na boti ndogo zinakaa siku kadhaa bila kutoka. Picha ya tangazo haisemi ilipigwa mwezi gani, na mtu anayelipia chumba kwa kuiangalia picha hiyo analipia bahari ya mwezi mwingine.

Sasa maji, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo likizo nyingi zinapoharibikia. Bahari yetu inapanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 Unguja na Mombasa, na wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi mita moja na kitu. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, kisha tena baada ya mwezi kuwa mpevu. Kwa hiyo anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo tayari ratiba ukutani kwake: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, na siku za katikati, karibu tarehe 8 au 9 na 23 au 24, ni maji mafu. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba huku kwetu saa za bamvua hazibadilikibadiliki: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kwa kuwa maji hujaa asubuhi ile ile ya saa nne au saa tano. Kutoka siku moja hadi nyingine saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Nendeni Jambiani au Paje, mashariki ya Unguja, asubuhi ya bamvua mkaone maana yake. Saa nne ukisimama ufuoni, bahari imeondoka yote hadi kwenye mwamba, na unaona povu jeupe tu huko mbali. Mahali ambapo jana jioni palikuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima, leo kuna mchanga mtupu, vidimbwi, na mistari ya vigingi iliyofungwa kamba za mwani. Kina mama wamejifunga kanga, wengine wameshika visu, wanakata mwani, wanaujaza kwenye viroba na kuvikokota hadi nchi kavu kabla maji hayajarudi. Kazi hiyo ya mwani wa biashara ilianza katika vijiji hivyo mwaka 1989, na kwa familia nyingi za mashariki ya Unguja ndiyo iliyosomesha watoto. Ni jambo zuri la kuonyesha watoto waliokulia ughaibuni. Ila kuogelea hapo, saa hiyo, hakuna, na maji yatakaporudi vizuri itakuwa saa tisa alasiri, huku jua likizama kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Familia iliyosafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya bahari inajikuta ina saa tatu za bahari kwa siku.

Kwa sababu hizo, anayekuja Unguja katika kusi na kiu yake kubwa ni watoto waogelee asubuhi na jioni bila hesabu, mimi humwelekeza kaskazini, yaani Nungwi upande wa magharibi na Kendwa. Kendwa inatazama magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na kusi, na kina cha maji kinaanza karibu na ufuo, hivyo hata bamvua ikipwa hutembei mbali kuyatafuta maji. Angalizo moja: Nungwi iko kwenye ncha ya kisiwa na ina pande mbili. Hoteli iliyoandikwa "Nungwi" inaweza kuwa upande wa mashariki, ambako upepo na maji kupwa ni yale yale ya Matemwe. Ulizeni jua linazama baharini au nyuma ya hoteli, na jibu la swali hilo litawatosha.

Gharama ya kaskazini ni watu na bei. Julai na Agosti ni msimu mkubwa wa wageni kutoka Ulaya, vyumba hupanda, na mapapasi, vijana wanaowafuata wageni kuwauzia huduma, huwa wengi ufuoni. Mkazi wa Tanzania aulize bei ya mkazi kabla ya kulipa, na awe na kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Wageni kutoka nje ya Tanzania wakumbuke kwamba tangu 1 Oktoba 2024 ni lazima kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na inadumu siku 92.

Karibuni tujadili, hasa ndugu wa Kenya na wa bara.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo. Naafikiana nawe kuhusu kusi, lakini nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba pwani ya Kenya hufungwa miezi hiyo. Ni kweli kwamba kuanzia Nyali hadi Malindi, na Diani pia, majani ya bahari hutupwa ufuoni kwa wingi wakati wa kusi. Hayo si taka. Ni malisho ya kasa na kinga ya mchanga usichukuliwe na mawimbi, na mtu akishalifahamu hilo, atayavuka na kuingia majini bila kinyongo. Diani mwamba uko mbele ya ufuo kwa urefu wake wote, kwa hiyo hata mawimbi yakichachamaa huko nje, ndani ya mwamba maji yakijaa mtoto anaoga akiwa na mzazi wake karibu.

Watamu ina sifa yake ya pekee katika miezi hii. Kuanzia Julai hadi Septemba na Oktoba, nyangumi wenye nundu hupita mbele ya pwani yetu, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa na kulea katika maji ya joto, na wapo manahodha wa Watamu wanaotoka kuwatafuta siku ambazo bahari inaruhusu. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Asiyependa mawimbi kabisa aende Kilifi akakae kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa sababu ndani ya hori kusi haina nguvu na maji hayakauki. Ninachokubaliana nawe bila mjadala ni safari za boti: zile za visiwa vya Wasini na Kisite mwezi Juni na Julai ni za kubahatisha, na mwenye kichefuchefu asijilazimishe.

Kuhusu usafiri, familia nyingi kutoka Nairobi hupanda treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na daraja la kwanza 4,500, bei ambayo bado ni nafuu kuliko ndege kwa familia ya watu watano, lakini likizo ya Agosti tiketi huisha mapema sana. Wanaokwenda Diani wafahamu kwamba kutoka stesheni ya Miritini sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, hivyo hakuna haja ya kupanga foleni ya kivuko cha Likoni.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, nimekuelewa na nimefurahi. Hori ya Kilifi ni hoja nzito ambayo ningepaswa kuiweka kwenye orodha ya mtu yeyote mwenye watoto wadogo. Mimi ningeongeza jambo moja tu upande wa Kenya. Lamu ni mji wa kwenda kwa ajili ya mji wenyewe, vichochoro, punda, majahazi na utulivu wa watu wake, na kwa hayo Julai ni mwezi mzuri kwa sababu joto limepungua. Lakini ufuo mrefu wa Shela sehemu kubwa hauna mwamba wa kuukinga, na kusi ikivuma mawimbi yake hayafai kwa mtoto asiyejua kuogelea. Anayelala Shela avuke na boti hadi Manda kuoga.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Salaam kwenu. Naona mazungumzo ni ya wenye uwezo wa hoteli za Unguja na Diani. Je, sisi wenye mshahara wa kawaida, wenye watoto watatu na likizo ya siku chache, mnatushauri nini? Nimefikiria Kigamboni au kwenda hadi Tanga.

Mleta uzi

Kaka, swali lako ni la watu wengi kuliko la yule anayetoka ughaibuni, na namshukuru Mungu umeliuliza.

Kigamboni ni karibu na ni rahisi kufika tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, lakini fukwe zake za upande wa bahari kuu zinaipokea kusi moja kwa moja. Mahali hapo mimi huwaambia watu waende kupunga upepo, kula samaki na kucheza mchangani, na watoto wasiingie zaidi ya magotini. Maji yanaporudi nyuma baada ya wimbi huwa na mkondo unaovuta kuelekea ndani, na mtoto anaweza kuondolewa miguuni pako kabla hujanyanyua mkono. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu kila mwaka tunasikia misiba ya namna hiyo, na mingi ilikuwa inaepukika. Coco Beach nayo ni ya mihogo, mishikaki na jioni njema, na ningeiacha hapo.

Kwa kuogelea ukiwa Dar, nenda Mbudya. Unapanda boti Kunduchi, safari ni fupi, na ufuo wa kisiwa unaotumiwa na wageni uko upande unaotazama bara, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinaukinga na upepo. Nenda asubuhi mapema, kwa kuwa kusi huongezeka nguvu kadiri mchana unavyosogea, na urudi kabla ya alasiri kuu. Valisheni watoto viatu vya plastiki, kwani kwenye mawe kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukikatikia unyayoni, likizo imekwisha siku hiyo. Kisha hakikisheni kila mmoja amepewa jaketi la kujiokolea kabla boti haijaondoka. Nahodha asiye nayo ya kutosha mwachieni boti yake.

Ukipata siku nne au tano, Pangani, mkoani Tanga, inastahili safari. Ufuo wa Ushongo ni mpana, una minazi, nyumba za wageni si nyingi, na bei si ya kutisha. Mbele yake kuna Maziwe, fungu la mchanga katikati ya bahari ambalo maji yakijaa huzama kabisa. Huko, bamvua ndiyo siku yako: maji yanapokupwa asubuhi, mchanga unajitokeza mweupe, watoto wanatembea juu ya nchi ambayo jioni haipo, na ukitoka mapema unarudi kabla upepo haujapata nguvu. Hapo utaona kwamba siku hiyo hiyo ya bamvua inayomnyima mtu wa Jambiani asubuhi yake ndiyo inayompa mtu wa Pangani asubuhi bora.

Mchangiaji wa Paje

Kwa heshima zote, kaka, naomba nitetee mashariki. Wapo watu wanaokuja Paje Julai kwa sababu ya kusi yenyewe. Wale wanaopanda ubao na kuvutwa na tiara wanautaka upepo huo, na maji mapana yasiyo na kina ndani ya mwamba ndiyo yanayowapa usalama wa kujifunzia. Vijana wengi wa hapa wameajiriwa kama walimu wa mchezo huo. Na mtu anayetaka ukimya, kutembea, kula pweza na kuzungumza na wenyeji, kijiji cha Jambiani kitampa mambo ambayo kaskazini hakuna tena. Vilevile msisahau Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, ambayo huangukia Julai. Anayelala Jambiani anafika kwa dakika chache.

Mleta uzi

Umesema kweli na sina la kupinga. Kosa ni kumpeleka mtu asiyetaka upepo mahali penye upepo kisha kumwambia bahari ni mbaya. Na kwa kuwa umetaja yanayopatikana Julai, nitaje na yasiyopatikana: wapo wanaopanga kwenda Mafia Julai ili kuogelea na papa potwe. Papa potwe wa Mafia huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari na Machi. Julai na Agosti mgeni wa Mafia anachoweza kutarajia ni vifaranga vya kasa vinavyoanguliwa katika kisiwa cha Juani na kukimbilia majini. Mimi ningesafiri kwa ajili ya hilo, lakini mtu alipie tiketi akijua anachokwenda kukiona.

Mchangiaji wa Ujerumani

Assalamu alaikum, kaka mleta uzi. Mimi nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na tutakuwa na mama yangu ambaye anatembea kwa mkongojo na hapendi kelele. Likizo yangu kazini ni kati ya tarehe 8 na 25 Agosti 2026. Tungependa Unguja, watoto waogelee kila siku, na waione pwani ya kweli ambayo bibi yao alilelewa ndani yake. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Waalaikum salaam, dada. Tarehe ulizotoa zinanipa urahisi, kwa sababu hesabu ya mwezi kwa Agosti 2026 iko wazi: mwezi unakuwa mchanga tarehe 12 na mpevu tarehe 28. Maana yake bamvua yenu ya kwanza itakuwa kati ya tarehe 13 na 15, na maji mafu yatakuwa karibu tarehe 21 na 22. Bamvua ya pili itakuja mkiwa mmekwisha kuondoka.

Gawanyeni safari mara mbili. Kuanzia tarehe 8 hadi 18 kaeni kaskazini, Kendwa au Nungwi magharibi, ambako bamvua haitawanyima maji. Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye hoteli kuna ngazi ngapi kutoka vyumbani hadi mchangani, kwa sababu hoteli kadhaa za huko zimejengwa juu ya jabali, na ngazi za mawe si za mtu mwenye mkongojo. Ulizeni pia kama kuna disko jirani. Mimi kwa ajili ya mama ningechagua nyumba ya wageni karibu na kijiji cha Nungwi, mahali anaposikia adhana, na asubuhi anaweza kupelekwa polepole kuwatazama mafundi wanaojenga majahazi kwa mikono hapo ufuoni. Atawaeleza wajukuu mambo ambayo hakuna mwongoza wageni anayeyajua.

Katika siku hizo, chagueni asubuhi moja kati ya tarehe 13 na 15, mkodi gari mapema, mfike Jambiani saa tatu na nusu. Hiyo ndiyo saa ya kina mama wa mwani. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na watoto wavae viatu. Mkirudi, piteni Jozani mkawaone kima punju.

Tarehe 19 hamieni mashariki, Jambiani au Bwejuu, na mkae hadi siku ya kuondoka. Kufikia tarehe 20 maji yatakuwa yameanza kujaa asubuhi, na kwa siku tatu nne hayatashuka sana, kwa hiyo watoto wataogelea mbele ya nyumba bila kuyafuata maji mbali. Upepo utakuwepo, mama atahitaji mtandio mzito jioni, na vyumba vya mashariki bei yake huwa nafuu kidogo, jambo litakalofidia mlichotumia kaskazini.

Mkija kwa boti kutoka Dar badala ya ndege, chukueni ile ya asubuhi, kwa kuwa mkondo wa Unguja huchafuka zaidi alasiri, na mkae sehemu ya chini upande wa nyuma ambako boti hairuki sana. Mama ale kitu kikavu kidogo kabla ya kupanda. Ukiwa na tarehe kamili za ndege ziandike hapa, nami nitakuandikia saa za maji kujaa za kila siku ya safari yenu.